Mwanamke wa Taa Aliyefanyia Kazi Kitandani

Wiki hii nimeachiwa ukurasa huu wa maisha ya watu, na nimeamua kumleta mtu ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina na labda kwa picha moja tu: mwanamke ameshika taa usiku, anapita katikati ya vitanda vya askari waliojeruhiwa. Huyo ni Florence Nightingale. Kama una binti au dada aliyesomea unesi, jina hilo limeshatajwa nyumbani kwako mara nyingi.

Mimi pia nilikuwa najua hiyo picha tu. Halafu nikapiga hesabu, maana yale mazoea ya darasa la biashara hayajaniisha. Florence alifika kwenye hospitali ya vita Novemba 1854, akarudi kwao Uingereza Agosti 1856. Hiyo ni miezi 21. Lakini aliishi miaka 90! Sasa baada ya vita ile miaka 54 iliyobaki alikuwa wapi? Kumbe sehemu kubwa alikuwa kitandani, au kwenye kochi, ndani ya chumba London, mgongo unauma, moyo unamwenda mbio, usingizi hauji, na chakula akikiona tu anasikia kichefuchefu. Na kazi iliyomfanya akumbukwe na madaktari, wahandisi na watu wa takwimu, si manesi peke yao, nyingi aliifanyia hapo hapo.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence kule Italia, wazazi wake wakiwa safarini, na ndiyo maana akapewa jina la mji. Dada yake mkubwa alizaliwa Naples, naye akaitwa Parthenope, jina la kale la mji huo. Baba yao alikuwa tajiri. Walikuwa na nyumba mbili kubwa, moja Derbyshire na nyingine Hampshire, na baba mwenyewe aliwafundisha binti zake Kigiriki, Kilatini, historia na falsafa. Florence alipenda hesabu kuliko vile mama yake angetaka.

Tarehe 7 Februari 1837, akiwa na miaka 16, aliandika kwamba Mungu amesema naye na kumwita amtumikie. Hakuambiwa ni kazi gani. Niseme wazi kwamba alikuwa Mwanglikana mwenye mawazo yake, na kuna mafundisho yake ambayo wengi wetu hapa tusingeyakubali. Lakini wito huo hakuuacha. Alingoja miaka mingi. Alipoelewa kwamba ni kazi ya kuwahudumia wagonjwa, nyumbani kukawaka moto. Siku zile uuguzi ulionekana kazi ya wanawake walevi na wasio na adabu, si ya binti wa tajiri. Akakataa kuolewa na mwanamume mwema aliyemngoja kwa miaka. Mwaka 1851 akapata ruhusa ya kukaa miezi mitatu Kaiserswerth, Ujerumani, kwenye kituo cha mchungaji Theodor Fliedner ambako wanawake wa kanisa walifundishwa kuhudumia wagonjwa. Mwaka 1853 akapewa kusimamia hospitali ndogo ya wanawake pale Harley Street, London, na baba yake akakubali kumpa pauni 500 kila mwaka za kujikimu. Hizo pauni 500 mzikumbuke, nitazirudia.

Vita vya Krimea vikaja. Uingereza na Ufaransa waliungana na Waturuki kupigana na Urusi, na magazeti ya London yakaanza kuandika jinsi askari wanavyokufa kama kuku katika hospitali za jeshi. Waziri mmoja, Sidney Herbert, ambaye alikuwa rafiki wa Florence, akamwomba aende. Akaondoka tarehe 21 Oktoba 1854 na wanawake 38, wengine wakiwa masista wa Kikatoliki. Walipofika Scutari, ng'ambo ya mji unaoitwa leo Istanbul, walikuta kambi kubwa ya jeshi iliyogeuzwa hospitali. Panya, chawa, mashuka hakuna, sabuni hakuna, na chini ya jengo mifereji ya maji taka imeziba.

Hapa hadithi tunayoijua huwa inarukwa kidogo. Alileta usafi wa wodi, chakula cha kuliwa na mgonjwa, mashati na watu wa kufua, na ndiyo, usiku alipita na taa. Lakini majira hayo ya baridi vifo havikupungua, viliongezeka. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, kipindupindu na homa. Februari 1855 kati ya kila wagonjwa 100 walikufa zaidi ya 40. Mwezi Machi serikali ikatuma tume ya afya, daktari na mhandisi, wakasafisha mifereji, wakaondoa mizoga, wakafungua hewa iingie. Kufikia Juni vifo vilikuwa kama 2 kwa kila 100. Florence hakusahau hilo somo. Baadaye aliponyoosha hesabu zote mezani, aliona kwamba wale vijana aliowashika mkono wakikata roho waliuawa na jengo lenyewe. Kuna wanahistoria wanaosema kuona hivyo ndiko kulikomwangusha. Sina uhakika mwili huanguka kwa sababu moja.

Mei 1855 alivuka bahari kwenda Balaklava, kukagua hospitali zilizo karibu na mapigano. Huko akashikwa na homa kali. Askari wakambeba kwa machela mpaka hospitali ya juu mlimani, akaweweseka siku nyingi, nywele zake zikakatwa. Ilidhaniwa atakufa. Alipopata nafuu madaktari walimwambia arudi nyumbani, akakataa, akabaki mpaka vita vikaisha. Aliporudi 1856 taifa zima lilimngoja na bendi na hotuba. Akaingia nchini kwa jina la Bi. Smith, kimya kimya, akafika kwao bila sherehe.

Ile homa haikuondoka kabisa. Agosti 1857, akiwa na miaka 37, akaanguka. Madaktari walizungumzia moyo, walizungumzia mishipa, walizungumzia uti wa mgongo, na hakuna aliyeweza kuonyesha kidole mahali penyewe. Akapelekwa Malvern kwa tiba ya maji baridi. Yeye na waliomzunguka waliamini hana muda mrefu, hata akaandika maagizo ya mambo yatakayofuata akishazikwa. Akawa anangoja kufa, na kifo hakiji. Mwisho wa 1861 likamjia pigo baya kuliko yote: kwa karibu miaka sita hakuweza kutembea, alibebwa kutoka chumba kimoja mpaka kingine. Maumivu ya mgongo yalikuwa makali kiasi kwamba wakati mmoja alichomwa sindano za afyuni chini ya ngozi ili apate siku moja ya utulivu.

Ulikuwa ugonjwa gani? Mwaka 1995 mtafiti mmoja aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba dalili zake zote zinafanana na brusela iliyokaa mwilini bila kutibiwa. Brusela mnaijua, hasa ninyi mliolelewa kwa wafugaji: homa inayokuja na kurudi, viungo vinauma, jasho la usiku, uchovu usioisha, na mara nyingi chanzo ni maziwa yasiyochemshwa. Wakati wa Florence hicho kidudu hakijulikani. Daktari David Bruce alikigundua kisiwani Malta mwaka 1887, na ndiyo kikapata jina lake. Ilikuwa 1905 ndipo daktari wa hapo Malta, Themistocles Zammit, akaonyesha kwamba kinapitia kwa mbuzi. Florence alikuwa na miaka 85. (Tafadhali chemsheni maziwa, hata yale ya kutoka kwa shangazi ushago.)

Wako watu waliosema, na wengine wamesema mpaka juzi, ati alijifanya. Ati alikuwa mzima, ila alitaka kuachwa peke yake. Na kusema kweli, ugonjwa ulimfungia mlango ambao yeye mwenyewe alitaka ufungwe. Mama yake na Parthenope walikuwa wakija hotelini kwake London, wanakaa kwenye makochi wanaongea, yeye anafanya kazi ya wanaume kumi. Baada ya kuanguka, aliwazuia. Aliona mgeni mmoja mmoja, kwa miadi, kwa muda uliopangwa. Wengine walifika nyumbani, wakaketi chini, akawatumia kikaratasi kutoka juu, wakamjibu kwa kikaratasi, wakaenda zao bila kumwona. Lakini mgonjwa anaweza kuufurahia mlango uliofungwa na bado awe mgonjwa kweli. Mtu hajifanyi kubebwa miaka sita.

Niwaambie kwa nini nimemleta huyu mama. Tangu miaka ya 1990, tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, ambayo pia ni siku ya manesi duniani, imechaguliwa kuwa siku ya kuwakumbuka watu wenye ugonjwa wa uchovu wa muda mrefu na ule unaoitwa fibromialjia. Hakuna anayeweza kusema Florence alikuwa na fibromialjia. Neno lenyewe halikuwepo. Lakini wagonjwa hao walijiona kwake: maumivu ambayo hayaonekani, vipimo visivyosema kitu, na watu wanaosema unajifanya.

Fibromialjia ni maumivu ya mwili mzima, kulia na kushoto, juu na chini ya kiuno, yanayodumu zaidi ya miezi mitatu. Pamoja nayo kuna uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mtu analala saa nane na kuamka kama amebeba magunia usiku kucha. Akili nayo inakuwa na ukungu, unasahau neno ulilotaka kusema. Wanawake wanapata zaidi ya wanaume. Ukienda maabara, damu iko sawa. Ukipigwa picha, mifupa iko sawa. Madaktari wanaeleza kwamba shida iko kwenye njia ambayo mishipa ya fahamu na ubongo hupitisha maumivu. Wale wa idara ya vyombo watanielewa: mwimbaji anaimba kawaida, kipaza sauti ni kizima, spika ni nzima, lakini pale kwenye mashine mtu amepandisha sauti mpaka mwisho, na kanisa lote linaziba masikio. Ukikagua spika hutaona ubovu. Makelele hata hivyo ni ya kweli.

Sasa niseme langu, na mwenyewe amenikubalia bora nisimtaje. Kuna dada mmoja aliyekuja kwangu kuombewa, mwili wote unauma, hospitali tatu zimempima na kumwambia hana kitu. Nikamwombea. Akarudi, nikamwombea tena. Mara ya tatu nikamuuliza kama kuna mtu ambaye hajamsamehe. Nikamwambia asiendelee kukiri ugonjwa, akiri uzima. Alinyamaza. Baada ya hapo nikaona haji mazoezi ya kwaya, wala kesha, na katika kikao nikasema, mbele ya watu, kwamba siku hizi wengine wamekuwa wavivu. Mwaka ulipita. Akapata daktari wa viungo aliyemsikiliza na kumpa jina la ugonjwa. Alipokuja kuniambia alikuwa analia, na nikadhani analia kwa sababu ni ugonjwa usio na dawa ya kuumaliza. Hapana. Alilia kwa sababu kuna mtu amemwamini.

Mimi bado naamini uponyaji, na Jumapili hii nikiitwa nitawawekea wagonjwa mikono kama kawaida. Lile swali la mara ya tatu ndilo ninalolijutia.

Florence aliliandika jambo hili. Kitabu chake kuhusu uuguzi kilitoka mwisho wa 1859, naye tayari ni mgonjwa, na ndani yake kuna sura inayohusu watu wanaokuja kumwona mgonjwa na matumaini ya bure na ushauri. Yeye aliona hao ni mzigo mzito kuliko maradhi mengi. Yule anayemwambia mgonjwa kwamba atapona tu, bila kujua chochote, anamfanya mgonjwa anyamaze, maana akieleza hali yake ilivyo ataonekana mbishi. Yule mwenye ushauri naye huleta dawa ya jirani, hali ya hewa ya kwingine, chakula kipya, wala hajauliza mgonjwa ameshajaribu nini. Kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa, hebu tusikie. Anasema pia ukae mahali mgonjwa anaweza kukuona bila kugeuza shingo, usisimame mlangoni ukimwongelesha, usinong'one na mtu mwingine pembeni kuhusu hali yake. Anaeleza mtu anayetazama ukuta mmoja miezi na miezi anavyoteseka, na jinsi ua moja, au mnyama mdogo wa kufuga, linavyoweza kumpa nafuu. Yeye mwenyewe alifuga paka wengi sana maishani, mmoja akamwita Bismarck, jina la mkuu wa Ujerumani. Ukiisoma unajua kabisa huyu hakuandika kama nesi tu. Aliandika akiwa amelala upande wa pili wa hicho kitanda.

Na sasa kazi. Hapa ndipo mtu wa biashara ndani yangu anaposimama na kupiga makofi.

Mtaji wake wa nguvu ulikuwa mdogo na hakujua kesho utakuwa kiasi gani. Akaacha kila kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukifanya. Hakwenda karamu, hakuhutubia, hakutokea hadharani. Wodi zenyewe hakuzihudumia tena. Kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kukifanya ni kuchukua takwimu za jeshi lote na kuzilazimisha ziseme ukweli. Basi nguvu zake zote akaziweka hapo. Alionyesha kwamba vijana wa jeshi, wakiwa kwao Uingereza wakati wa amani, walikufa karibu mara mbili ya raia wa umri wao, kwa sababu ya kambi chafu zenye msongamano. Alichora michoro ya duara, yenye rangi, ili hata waziri asiyependa hesabu aone kwa macho. Mwaka 1858 chama cha takwimu cha Uingereza kikamwingiza kuwa mwanachama, mwanamke wa kwanza. Ripoti ya tume ya kifalme ikatoka, kambi zikarekebishwa, shule ya madaktari wa jeshi ikaanzishwa.

Fedha zilizochangwa na wananchi kumshukuru, zaidi ya pauni 40000, alizifungulia shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mwaka 1860. Kuisimamia kwa miguu yake hakuweza, kwa hiyo mama mwingine akaiongoza na yeye akafuatilia kwa barua na taarifa. Kuhusu India alifanya hivyo hivyo: hakuikanyaga hata siku moja, lakini alituma fomu za maswali kwa kila kituo cha jeshi, majibu yakaja kwa magunia, akayapanga akiwa kitandani, na mwaka 1863 ikatoka ripoti ya kurasa zipatazo 2000 kuhusu maji, vyoo na vifo. Baadhi ya watawala waliokuwa wakienda India walipita kwanza kwake. Barua zake zilizobaki leo ni zaidi ya 10000.

Wenye fibromialjia leo huambiwa na madaktari jambo linalokaribia hilo, ingawa si hilo lenyewe. Kuna dawa za kutuliza mishipa ya fahamu zinazowasaidia baadhi, na kuna mazoezi mepesi, kutembea kidogo leo na kidogo zaidi wiki ijayo, ambayo ushahidi wake ni mzuri. Kuna kulala na kuamka kwa saa ile ile. Na kuna kuigawa kazi. Adui mkubwa ni ile siku nzuri: unaamka mwili mwepesi, unafua nguo zote, unakwenda soko, unapika, unakuja kesha, halafu siku tatu huinuki. Unafundishwa kusimama wakati bado una nguvu. Hilo la mwisho Florence hakulijua vizuri. Akipata nafuu alijichosha mpaka aanguke tena, na daktari mwenzake wa tume alipomsihi apumzike, alimjibu kwa barua kali.

Nisiwadanganye pia kuhusu zile pauni 500. Florence aliweza kulala na kufanya kazi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupika, wa kufua, wa kufungua mlango na wa kupeleka barua. Dada anayeamka saa kumi alfajiri kwenda Gikomba hana mjakazi wala kochi. Akilala, watoto hawali. Tukimtolea mfano wa Florence bila kumpelekea mtu wa kumfulia nguo, tutakuwa tumemwongezea mzigo.

Na kuna jambo jingine ambalo ni lazima niliandike, maana picha ya taa huwa inalificha. Nguvu zake alijua kuzihesabu. Za wengine hazikuhesabiwa. Shangazi yake Mai aliacha mume na watoto akakaa naye miaka ya mwanzo kumuuguza, na alipoamua kurudi kwa familia yake mwaka 1860, Florence alimkasirikia, na kinyongo hicho kilidumu miaka mingi. Sidney Herbert, yule rafiki aliyempeleka vitani, alikuwa mkono wake serikalini. Mwaka 1861 figo zake zilikuwa zimekwisha. Akamwambia Florence hawezi tena. Mwanamke huyu aliyejua kila pembe ya maumivu, ambaye alichukia watu wasioamini mgonjwa, hakumwamini. Alimsukuma, akamlaumu kwamba ameshika kadi zote nzuri na kuutupa mchezo. Herbert alikufa tarehe 2 Agosti 1861, ana miaka 50. Miezi michache baadaye Arthur Hugh Clough, mshairi aliyekuwa akimfanyia kazi za karani mpaka za kufunga vifurushi, akafa pia. Pigo lile baya la kutotembea lilikuja mwezi uliofuata. Alimlilia Herbert miaka mingi, akamwandika kama bwana wake na kiongozi wake, wakati kila mtu alijua nani alikuwa anamwongoza nani.

Nimelifikiria sana hili la Herbert. Mtu anaweza kuwa ameteswa na kutoaminiwa, halafu mwenzake akija na ugonjwa wake, yeye naye akauliza lile swali la mara ya tatu.

Alihamia South Street mwaka 1865, nyumba aliyokaa mpaka mwisho. Taratibu maumivu yakalegea. Kufikia miaka ya 1880 aliweza kutoka, kukaa na watoto wa ndugu zake, kumtembelea Parthenope ambaye sasa ndiye aliyekuwa anaumwa viungo. Baba alikufa 1874, na mama, yule waliyegombana naye ujana wote, alimuuguza katika miaka yake ya mwisho mpaka akafa 1880. Watu waliomjua wakati huo wanaeleza mwanamke mnene, mpole, anayecheka. Wanafunzi wa shule yake waliitwa mmoja mmoja kunywa chai, akawauliza wanakula nini, wanalala wapi, na aliyeonekana amechoka sana alitafutiwa mahali pa kupumzika. Miaka ishirini nyuma asingeliona hilo.

Macho yakaanza kufifia, na mwanzoni mwa karne mpya hakuweza tena kusoma wala kuandika. Mwaka 1907 mfalme akampa nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata. Ililetwa nyumbani, na yeye hakuelewa vizuri ni kitu gani.

Alikufa usingizini mchana wa tarehe 13 Agosti 1910. Serikali ilikuwa tayari kumzika Westminster Abbey pamoja na wafalme, lakini alikuwa ameacha agizo kwamba hataki makuu, na familia ikalishika. Alizikwa kijijini East Wellow, karibu na nyumba ya utotoni, jeneza likibebwa na askari sita wa jeshi la Uingereza. Kwenye jiwe la kaburi la wazazi wake waliongeza herufi mbili, F.N., na tarehe za kuzaliwa na kufa.

Yule dada wa kwaya amerudi. Anaimba ibada moja badala ya mbili, na mwalimu wa kwaya amemwekea kiti mstari wa nyuma, karibu na mlango wa pembeni. Wimbo wa tatu ukianza huwa anakaa.